Kitufe cha Baba Mkwe

Baba mkwe wangu ana jina. Nitalitaja nikifika mahali pake, si kabla, na mtu asiniharakishe. Kwa sasa jueni tu kwamba kwa lugha yetu jina hilo lina neno la chuma ndani yake, na kwamba kwa miaka tisa, tangu niingie nyumba ile kama mkaza mwana, sikuwahi kulitamka. Kwetu Kochkor, kijijini huku milimani, mke hamtaji mumewe kwa jina, wala baba wa mumewe, wala kaka zake wakubwa, wala babu aliyekwisha kulala kaburini. Na si jina peke yake. Hata chuma chenyewe nilikuwa nakiita kigumu. Nipe kile kigumu cha kuchochea moto. Kigumu cha mlangoni kimeshika kutu. Mama mkwe alinifundisha hivyo wiki ya kwanza, kama yeye alivyofundishwa na mama mkwe wake, na sote wawili tukaishi mle ndani tukilizunguka jina la mtu mmoja kama watu wanaokwepa shimo uani. Leo nasema chuma. Chuma, chuma, chuma. Mkitaka kunisema, nisemeni.

Hasira yangu ya kwanza, lakini, ilikuwa kwa Eldiar. Huyu alisoma chuo kimoja na mume wangu Maksat huko Bishkek, mji mkuu, wakalala chumba kimoja miaka minne, kwa hiyo ananiita shemeji na anaona ana haki ya kunichokoza apendavyo. Kuandika programu anajua, hilo simnyimi. Kuna gemu moja ya farasi ambayo vijana wote wa huku wanaicheza, na walioitengeneza wameruhusu mtu yeyote aiongezee vitu vyake. Eldiar akaamua kuiongezea kok-boru, mchezo wetu wenyewe, wapanda farasi wakigombea mzoga wa mbuzi mpaka mmoja autupe kwenye goli la wapinzani. Maksat, ambaye nusu ya mwezi yuko mgodini juu milimani, akamwambia, "Mke wangu anachora mabango ya maduka kwa kompyuta. Mpe yeye menyu." Basi nikapewa menyu.

Watu wanafikiri menyu ya gemu inachorwa. Haichorwi, inaandikwa. Ni faili la XML, maandishi matupu, na kila kitu utakachokiona kwenye skrini lazima kwanza kiwe mstari humo ndani: kila kitufe, kila picha, kila ubao wa nyuma. Kila kipande unakipa jina, unakipa mahali pa kukaa na ukubwa wake, na mwisho unaandika kama kinaonekana au hakionekani. Menyu yetu ilivyopangwa, vipande vyote nilitakiwa kuviandika vikiwa vimefichwa. Kisha programu ya Eldiar ndiyo inaviita kimoja kimoja kwa jina, na kila kinachoitwa kinajitokeza. Jina lisipolingana na analoita yeye, gemu haikwambii kitu. Haigomi, haitoi onyo, inaendelea zake, na kipande chako kinabaki humo gizani milele. Nilijifunza haya usiku na mchana, peke yangu, huku nikikanda unga na kuosha watoto, na wala sikupata hata asante.

Vitufe vilikuwa vinne: Uwanja, Farasi, Wachezaji, Sauti. Hayo ndiyo maneno ya kusomwa kwenye skrini; majina ya ndani ya faili aliyapanga Eldiar. Hicho cha nne kilikuwa cha baba mkwe.

Katika ujana wake alikuwa mchezaji wa kok-boru ambaye mpaka mjini Naryn walimjua, si kwa nguvu, maana alikuwa mwembamba, bali kwa kelele. Alipokuwa juu ya farasi alipiga kelele kwa namna ambayo farasi wa wapinzani waligeuza masikio. Januari iliyopita madaktari walimwambia kwamba koo lake lina uvimbe na litapasuliwa masika, na sauti haitabaki. Hakulia. Alikuja jikoni, akakaa karibu na jiko, akaniambia, "Hiyo gemu yenu ina kelele?"

"Ina kelele za farasi tu, baba."

"Basi ni gemu ya mabubu. Washa hicho kinasa sauti chako."

Tulifunika madirisha ya stoo kwa mablanketi, tukarekodi siku kumi na moja. Alinipa kelele zaidi ya thelathini: za kuomba mzoga, za kuwaita wenzake, za kumtukana refa, za kumbembeleza farasi aliyechoka. Nilimwambia asikilize tulichokirekodi, akakataa. "Nitaisikia na watu," akasema. Mama mkwe naye akakataa kuisikiliza kabla yake. Mwezi wa nne akapasuliwa, akarudi na kitambaa shingoni na daftari mfukoni, na tangu siku hiyo kila alichotaka kusema alikiandika. Kiangazi chote alizunguka kijijini akionyesha watu ukurasa mmoja uleule: Jumapili ya pili ya Oktoba, jumba la utamaduni, njooni mnisikie. Mtu mzima, mwenye kofia yake nyeupe ya sufu, akifungua daftari mbele ya kila lango. Nikimwona barabarani nilikuwa najiambia, Salkyn, ukikosea hapa afadhali uhame kijiji.

Nilimwomba Eldiar aniletee kazi yake mapema niunganishe na yangu, nijaribu. Mara ya kwanza akasema bado. Mara ya pili akasema, "Shemeji, niamini." Mara ya tatu akanitumia kicheko. Aliunganisha mwenyewe Jumamosi jioni huko Bishkek, akatazama vitufe viwili vya juu, akalala. Hakufungua hata hicho cha nne. Haya aliyakiri baadaye, huku akitafuna, kama mtu anayekiri kwamba amesahau mwavuli.

Jumapili mchana jumba lilijaa mpaka dirishani; Maksat tu ndiye hakuwepo, alikuwa zamu mgodini. Baba mkwe aliwekwa katikati ya safu ya mbele, mahali pa heshima, na wazee waliocheza naye kulia na kushoto. Mama mkwe alikuwa ameamka na nyota kukaanga maandazi ya kugawa ukumbini, na alikaa safu ya pili, nyuma ya mumewe, na skafu yake mpya. Kompyuta ya Eldiar ilikuwa juu ya meza, imeunganishwa na projekta, na gemu ikajaa ukuta mzima. Eldiar alishika kipaza sauti utadhani bwana harusi.

"Wazee wangu, mama zangu," akasema, "leo kok-boru yetu inaingia duniani!"

Watu wakapiga makofi. Akafungua menyu. Uwanja ukatokea. Farasi. Wachezaji. Chini yao pakabaki patupu, ubao wa bluu tu, kama jino lililong'oka.

Eldiar alibofya pale patupu mara mbili, akakohoa, akacheka. Kisha akasema maneno ambayo sijamsamehe mpaka leo.

"Kuna hitilafu ndogo upande wa menyu. Menyu kaiandika shemeji yetu hapa, na tumwie radhi, yeye kazi yake ni mabango ya maduka. Basi tuendelee na farasi!"

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka. Eldiar akaanza kuonyesha farasi, wa kahawia, wa kijivu, na vijana wakapiga miluzi. Nilimwona baba mkwe akitoa daftari. Akaandika, akageuka nyuma, akamwonyesha mkewe. Mama mkwe akasoma, akaniangalia mimi pale ukutani nilipokuwa nimesimama. Sikuhitaji kuambiwa kilichoandikwa. Wale wazee wawili wa pembeni walikuwa tayari wameanza kutazama magoti yao, kama watu wanaomwonea mwenzao haya.

Nikaenda mezani.

"Fungua faili," nikamwambia.

"Shemeji, baadaye. Watu wanatazama."

"Ndiyo maana nasema sasa. Fungua faili, Eldiar, ama nachomoa waya na sote tuangalie ukuta mweupe."

"Aisee, mbona moto hivyo?" Lakini alifungua. Farasi wakatoweka, na ukutani yakatokea maandishi yangu, mistari yote niliyoiandika majira yote ya baridi, herufi nyeupe kwenye ubao mweusi. Alifungua na yake pembeni, akashusha kidole mpaka mahali anapoviita vipande. Kimoja, cha pili, cha tatu. Alipofika cha nne akasimama.

"Ona sasa. Mimi naita jina hili hapa." Alikigonga kioo. "Wewe kwako umekiita 'mzee'. Nani alikwambia uandike mzee? Nilikutumia orodha ya majina, shemeji. Majina manne tu!"

Nilitazama. Ni kweli. Alinitumia orodha, na jina la nne lilikuwa la baba mkwe, herufi zote nane. Macho yangu yalilifikia yakaliruka, kama yalivyoliruka kwenye barua, kwenye risiti za umeme, kwenye kadi ya hospitali. Mkono ukaandika "mzee" bila hata kuniuliza. Sikujua kama nimefanya lolote. Kosa lilikuwa langu, na linaniuma, maana ningependa sana liwe la Eldiar.

Alinitazama usoni, na pole pole akaelewa. Nilimwona akielewa. Meno yote yakatoka nje.

"Usiniambie," akasema. "Usiniambie ni ile mila! Hata kwenye kompyuta?" Na kipaza sauti kilikuwa mdomoni pake, kimewashwa. "Jamani, shemeji anaionea haya kompyuta! Sogea basi niandike mimi, usije ukapata laana bure."

Safari hii kicheko kilikuwa kikubwa. Akaleta mkono kwenye vitufe. Nikaupiga huo mkono. Niliupiga kwa nguvu, kofi lililosikika mpaka nyuma, na mtoto mmoja akasema "Alaa!"

"Usiguse," nikasema. "Menyu ni yangu. Ulisema mbele ya watu kwamba ni yangu, basi usiiguse."

Nikafuta "mzee." Mshale ukabaki unapepesa mahali patupu ukutani, na ukumbi mzima ukaona. Nikaandika T. Ilitokea ukutani kubwa kama mtoto wa miaka mitatu. Nikaandika E. Kicheko kikaanza kupungua kutoka mbele kwenda nyuma. Nikaandika M, na hapo nikasikia kiti kikisukumwa. Sikuhitaji kugeuka kujua ni kiti cha nani.

"Mkaza mwana," mama mkwe akasema. "Unaandika nini hapo?"

Nikaandika I. Nikaandika R.

"Futa." Hakupaza sauti, hajawahi kupaza. "Mbele ya watu wote hawa? Futa hilo sasa hivi."

Watu wote wakamtazama baba mkwe, maana jina ni lake na neno la mwisho ni lake. Na mimi nilimtazama. Hana sauti, lakini kichwa anacho. Angeweza kutikisa kichwa kusema hapana au kuinamisha kusema ndiyo, na mimi ningepona kwa njia yoyote. Hakufanya chochote. Alikuwa anatazama herufi zile ukutani, mdomo umefunguka kidogo, na daftari limeanguka chini. Nikamkasirikia na yeye pia. Miaka tisa nimezunguka jina lako, mzee, siku moja tu unisaidie, unakaa unashangaa ukuta!

Nikamalizia herufi tatu zilizobaki, kisha nikageuka.

"Nakuuliza unaandika nini," mama mkwe akasema.

"Temirbek," nikasema.

Nilidhani litatoka dogo. Lilitoka kubwa. Lilitoka kama kitu kilichokuwa kimekwama na sasa kinasukumwa na vyote vilivyokuwa nyuma yake. "Naandika Temirbek, mama. Ndilo jina lake! Kitufe chake hakionekani kwa sababu niliogopa kuandika herufi nane. Mtu amezunguka kijiji kizima kiangazi chote na daftari mkononi, watu wamekuja kumsikia, na mimi nimemficha! Kwa adabu! Adabu gani hiyo? Temirbek! Nimelitaja mara tatu sasa. Paa halijaanguka."

Eldiar alishusha kipaza sauti taratibu, akakiweka mezani kama kitu cha moto. Mama mkwe alinitazama kwa muda. Sikuona hasira machoni mwake, na hilo ndilo lililoniumiza. Niliona mtu aliyefedheheka. Alijifunga skafu vizuri, akachukua sinia lake tupu la maandazi, akaanza kutembea katikati ya viti kuelekea mlangoni. Watu walivuta miguu wampishe. Nilimwacha aende. Nilikuwa nimechoka kumfuata.

Nikahifadhi faili. Nikafunga gemu, nikaifungua upya. Gemu hiyo inachukua karibu dakika moja kufunguka, inakuonyesha tu picha ya farasi na mstari unaojaa pole pole, na ile dakika ilikuwa ndefu kuliko ndoa yangu. Mstari ulipojaa nikafungua menyu. Uwanja. Farasi. Wachezaji. Sauti.

Kilitokea. Kimekaa pale pale nilipokipangia, na mchoro wa mjeledi ubavuni, rangi ya dhahabu niliyobishania na Eldiar wiki nzima. Sikusubiri kumtangazia mtu. Nikakibofya.

Kwanza kilitoka kikohozi, kwa sababu sikuwahi kukikata. Kisha ile sauti ikajaa ukumbi, kavu, nyembamba, kali, na madirisha yakatetemeka.

"Nipe! Nipe kushoto! Kushoto, kichwa cha kondoo wewe, kushoto ni huku!"

Wale wazee wawili walisimama wakati mmoja, kama walioitwa. Mmoja akaanza kucheka huku machozi yanamtoka.

"Refa! Hayo ni macho au vifungo vya koti?"

Ukumbi ukalipuka. Watu walikuwa wanagonga viti, vijana wanapanda juu ya madirisha, na Temirbek amekaa katikati yao, mkono kwenye kile kitambaa cha shingoni, midomo yake inafuata kila neno. Hakuwa anatoa hata pumzi, lakini hakukosea neno moja. Kisha ikaja ile ya mwisho ya siku ile ya kwanza tuliyorekodi, ambayo haikuwa kelele ya uwanjani hata kidogo. Alikuwa amechoka, akasahau kwamba kinasa sauti bado kimewashwa, na mimi niliiacha kwa sababu niliipenda.

"Basi, yatosha," sauti ikasema, chini, ya mtu aliye nyumbani kwake. "Mwambie mama yenu aweke chai. Mwambie nakuja."

Mama mkwe alikuwa amefika mlangoni. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa, mgongo ametugeuzia. Nilimwona akisimama. Sinia likaanguka na kuzunguka sakafuni, likipiga kelele, na hakuliangalia. Aligeuka, na hakumtazama mumewe aliyekuwa amekaa pale mbele na daftari chini ya kiti. Alitazama ukuta, ile sauti ilikotoka. Akaita jinsi mtu anavyoita ng'ambo ya mto, mikono kinywani, mwanamke wa miaka sitini na nane aliyekaa ndoani miaka arobaini na sita.

"Temirbek!"

Akaita tena, na safari hii sauti ilipasuka katikati.

"Temirbek, niko hapa!"

Mumewe aligeuka kwenye kiti chake. Nilikuwa bado mezani, vidole juu ya vitufe, hasira yote ikiwa bado kifuani na haina pa kwenda. Nilisubiri mtu amwambie na yeye afute. Nilitazama safu moja baada ya nyingine, uso mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyefungua mdomo.